Msamaha wa Mdomoni

Shaabani ikifika mwishoni, Mafia yote inapata adabu. Watu waliopitana njiani tangu mwaka jana bila salamu, huyu kwa ajili ya mpaka wa minazi, yule kwa ajili ya mbuzi aliyekula mihogo ya watu, wanaanza kugongeana milango. "Mwezi unaingia, nimekuja kuomba radhi. Nilipokukosea nisamehe." Na mwenye nyumba, hata kama bado ana donge kifuani, anajibu, "Nimekusamehe, nawe nisamehe." Basi. Wanapeana mikono, mmoja anarudi kwake na mwingine anarudi jikoni kutazama chungu. Wapo wanaosamehe kweli, Mwenyezi Mungu awalipe. Na wapo wanaotamka tu kwa sababu ndivyo inavyotamkwa, kisha Idi ikipita wanaudaka ugomvi wao pale pale walipouacha. Hafidhi alikuwa wa kundi hili la pili, na hakuona kwamba ana kosa.

Hafidhi alikuwa mpiga gitaa. Si gitaa la kubembelezea wageni wakila kamba hotelini, la hasha. Lake lilikuwa la umeme, gitaa la roki, linalounguruma mpaka wazee wa kijiji chake cha Kiegeani wakaulizana ni lini mtoto wa marehemu Matano amenunua mashine ya kukoboa. Kwa miaka mingi alikuwa Dar es Salaam na bendi iliyoitwa Chuma Chakavu, yeye kwenye gitaa na Mfaume kwenye sauti. Wote wawili walikuwa watoto wa Kiegeani. Walianza na dumu la mafuta lililokazwa mishipi ya kuvulia samaki, uani kwa Bimkubwa, mama yake Mfaume, ambaye alikuwa akiwafukuza kwa mwiko kisha anawaita tena waje kula. Hafidhi alifiwa na mama yake angali mdogo. Kwa hiyo uani kwa Bimkubwa ndiko alikokulia, na hata alipoota ndevu aliendelea kuingia kwa nyuma, bila hodi, kama anavyoingia mtoto wa nyumba.

Yeye na Mfaume walikosana jukwaani. Lilikuwa tamasha kubwa, watu wamejaa, na Hafidhi alikuwa katikati ya solo yake, amefumba macho, mara gitaa likakata. Alidhani umeme umekwenda. Alipofumbua macho taa zinawaka, ngoma inapigwa, Mfaume anaimba, na mkono wa Mfaume ndio kwanza unashuka baada ya kumpa ishara fundi mitambo. Alikatiwa sauti mbele za watu. Hafidhi alichomoa waya, akashuka jukwaani wimbo haujaisha, na Chuma Chakavu hawakumwona tena.

Hivyo ndivyo alivyolisimulia jambo hilo kwa kila aliyemuuliza, na walikuwa wengi. Kuna kipande ambacho hakukisimulia. Mtu mmoja aliyekuwapo alimrushia video ya usiku ule, na kwenye video inasikika wazi kwamba uzi mmoja wa gitaa ulikuwa umelegea. Kila alichokipiga kilitoka kimepinda, na watu wa mbele walianza kutazamana. Mfaume alikuwa amemfanyia anachokufanyia rafiki anapoona kanzu yako imechanika nyuma: alisimama akamkinga. Hafidhi aliitazama video ile mpaka akaelewa kila kitu, kisha akaifuta. Hasira yake aliipenda mno, na hakuwa tayari kuipoteza kwa sababu ya ukweli.

Akarudi nyumbani kurekodi albamu yake ya kwanza bila bendi. Aliipa jina *Peke Yangu* kabla haijawa na wimbo hata mmoja. Dada yake Warda, anayelima mwani na aliyebaki peke yake kwenye nyumba ya baba yao, alimpa chumba cha kuwekea nazi. Hafidhi akapanga viroba vya makumbi ya nazi ukutani kuzuia mwangwi, akaweka kompyuta juu ya meza ya kukandia unga, akaanza kazi. Umeme ukikatika anasubiri. Adhana ikiadhiniwa anasubiri. Kuku wa Warda akitaga na kutangaza, anasubiri.

Tatizo halikuwa kuku wala umeme. Tatizo lilikuwa sauti. Hafidhi hakuwa na sauti ya kuimba, na alilijua hilo tangu enzi za dumu. Gitaa lake lilikuwa linanguruma kama zamani, lakini kila alipofungua mdomo wimbo ulikaa chini. Alirekodi, akafuta, akarekodi, akafuta. Warda, akipita na fungu la kamba za mwani begani, alichungulia siku moja akasema, "Lakini kaka, gitaa linasikika kama la mtu mzima, anayeimba nani? Kama ana mafua."

"Ni mimi, dada."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nauliza."

Katika siku hizo za mwisho za Shaabani, baada ya alasiri, pikipiki ilisimama barabarani na sauti ikaita mlangoni, "Hodi. Hodi wenyewe." Hafidhi hakuwa na haja ya kuchungulia. Sauti ile angeitambua hata sokoni Kilindoni siku ya mkesha wa Idi. Aliacha hodi ya pili ipite, akaacha na ya tatu, ndipo akaitikia.

Mfaume alikuwa amekonda usoni, lakini miguu imevimba, na alihangaika kizingitini kuvua viatu mpaka akashika ukuta. Hafidhi aliiona ile miguu. Hakuuliza. Alikuwa amesikia kwamba Mfaume amerudi kisiwani, yuko Miburani kwa Bimkubwa, ambako mama huyo alihamia zamani kwa ndugu zake, na alijiambia kwamba bendi imemfia na mji umemshinda, basi amekuja kupumzika. Ilimfurahisha kidogo kufikiri hivyo.

Mfaume alikaa juu ya kiroba cha makumbi, akatazama kompyuta, akatazama gitaa, akatabasamu. "Sahibu," alisema, "mwezi unaingia. Lile jambo la jukwaani, nisamehe. Na mengine yote, nisamehe."

Hakujitetea. Hakutaja uzi uliolegea. Lau angeutaja, pengine wangegombana wakamaliza, maana Hafidhi alikuwa na majibu tayari tangu mwaka jana. Kwa hilo la kuombwa tu hakuwa na jibu lolote ila lile la siku zote.

"Nimekusamehe," alisema. "Nawe nisamehe."

"Nimekusamehe zamani." Mfaume akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Haya, nisikilizishe."

Hafidhi akamsikilizisha wimbo mmoja. Mfaume alifumba macho akawa anagonga goti kwa vidole vyake vilivyojaa maji, na wimbo ulipofika kwenye kiitikio akafuatisha kwa sauti ndogo, akiipita ya Hafidhi kwa juu kidogo. Ghafla wimbo ukasimama wima. Kuku wote nje walinyamaza, au Hafidhi ndiye aliyeacha kuwasikia.

"Hapo panataka mtu wa pili wa kuitikia," Mfaume alisema. "Ukitaka nitakuja. Kwa sasa sina la kufanya, nashinda nyumbani tu."

"Albamu ni ya peke yangu, Mfaume."

"Kweli. Jina lenyewe linasema." Akacheka, akaomba msaada wa kuinuka, akaenda zake. Pale mlangoni alichukua muda mrefu na viatu.

Wivu una kazi nyingi, na kazi yake mojawapo ni kutunga. Hata pikipiki haijafika Miburani, Hafidhi alishaketi na gitaa. Maneno yalimjia yenyewe, na yalikuja pamoja na sauti, sauti ambayo hakuwa nayo miezi yote ile:

*Uliyenizimia moto nikiwa jikoni,*
*kula kibichi, kula kibichi,*
*usinipigie hodi mlangoni.*

Ule mstari wa hodi ulitoka moja kwa moja kizingitini kwake. Alijua ulikotoka na alijua utakakokwenda. Aliurekodi mara moja tu, na hakufuta.

Warda alikuwa uani anaosha miguu chumvi. Wimbo ulipokwisha alikuja na kusimama mlangoni, maji yakimchuruzika.

"Huyu unayemwimba si ndiye uliyemsamehe sasa hivi?"

"Nimemsamehe."

"Basi huyu anayekula kibichi ni nani?"

"Hii ni sanaa, dada."

"Aa," alisema Warda. "Sanaa." Akarudi kuosha miguu yake.

Ramadhani ilipita. Hafidhi alifunga vizuri, aliswali tarawehe, alitoa sadaka, na baada ya Idi aliipandisha albamu mtandaoni na kumpelekea Ukasha wa Kilindoni, mwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu na flashi. Nyimbo zote zililala pale kibandani kama bidhaa iliyokosa mteja, isipokuwa mmoja. Ule wa kula kibichi uliondoka peke yake. Watu wa pwani wanapenda fumbo lenye makali, na mtu anayeimba kwa kinyongo hasa husikika hata kama hajui kuimba. Kila pikipiki ya Kilindoni ilikuwa nao. Wanawake walitupiana ule mstari kwenye visima. Redio moja ya bara iliupiga. Hafidhi alikuwa anapita sokoni watu wanamwitikia, "Kula kibichi!" naye anainua mkono. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amependwa bila Mfaume, na alilala usingizi mtamu.

Halafu Mfaume akafa.

Ilikuwa figo. Miburani nzima ilijua, Kilindoni ilijua, mwenye pikipiki aliyempeleka Kiegeani siku ile alijua. Asiyejua ni yule aliyeiona miguu akakataa kuuliza. Habari zilimfikia Hafidhi asubuhi kwa mdomo wa Warda, ambaye hakusema neno jingine zaidi ya "Mfaume hatunaye," akaingia ndani kutafuta kanga nyeusi.

Walimzika Miburani baada ya adhuhuri. Jeneza lilipowekwa mbele ya safu, kabla ya kuswaliwa, mjomba wa marehemu alisimama kusema yanayosemwa. Alisema Mfaume alikuwa binadamu kama binadamu wengine, ameishi na watu, amesema na watu, na palipo na watu hapakosi kukoseana. "Aliyekosewa na ndugu yetu huyu, tunamwombea radhi kwake. Mmemsamehe?"

"Tumemsamehe," watu wakajibu kwa pamoja.

Hafidhi naye alijibu, na safari hii lilitoka chini kabisa ya kifua, likamuuma kutoka. Alimsamehe Mfaume kwa gitaa lililokatwa, kwa sauti yake nzuri, kwa kuwa na mama. Alisimama akingoja. Alikuwa amezika watu wengi na hajawahi kulitambua jambo hili: kwamba swali linaulizwa upande mmoja tu. Walio hai wanaulizwa kama wamemsamehe maiti. Hakuna anayeinama kwenye jeneza kumuuliza maiti kama amewasamehe walio hai. Mjomba alirudi kwenye safu, imamu akatoa takbira.

Kutoka makaburini hakwenda kumpa Bimkubwa mkono wa pole. Alipanda pikipiki mpaka kwa Ukasha, na njiani ilibidi amwombe dereva azime muziki. Ukasha alimpa pole, akamsikiliza, akavuta kompyuta yake.

"Kuufuta, naufuta mbele ya macho yako, kaka," alisema. "Huu hapa, umeondoka. Lakini wangu ni mmoja tu. Walio nao wanarushiana wao kwa wao. Nitamfuata nani?"

"Na mtandaoni nitautoa."

"Utoe. Ila wimbo ushatoka, kaka. Ni kama maji ya kunawia, ukishamwaga huyazoi."

Hafidhi alijifungia chumba cha nazi. Aliutoa wimbo mtandaoni, na jioni ile ile akausikia barabarani. Msiba ukaingia siku ya pili, ukaingia ya tatu, na hakwenda. Warda, aliyekuwa akishinda huko akipika na wanawake wenzake, ndiye aliyerudi na maneno.

"Bimkubwa anakuuliza. Anasema kila mtu ameingia kumpa mkono, mpaka watu wa dago waliokuja kuvua na kuondoka. Wewe tu."

"Amesema hivyo kwa hasira?"

"Amesema hivyo kwa kuuliza. Nenda, Hafidhi. Usije ukalifanya na hili sanaa."

Alikwenda, na miguu yake, kwa mazoea, ilimpitisha uani. Bimkubwa alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, lakini hakuwa anakuna chochote. Alikuwa amekaa tu, mikono mapajani. Wanawake wengine walikuwa ndani. Hafidhi alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa." Alimtazama kwa muda. "Umekonda. Hukuli?"

Swali hilo lilimvunja. Alikuja na maneno aliyoyapanga njia nzima, yote yakapotea, akabaki akilia kama mtoto aliyepigwa shuleni. Bimkubwa alimwacha alie. Hakumgusa, na Hafidhi aliliona hilo.

"Aliusikia?" aliuliza mwisho.

"Aliusikia. Wapwa zake ndio waliomletea, wakijua anaufurahia muziki wako. Alikuwa akiiweka simu hapa kifuani." Bimkubwa aliweka kiganja juu ya kanga yake. "Siku za mwanzo alifurahi. Alisema, mama, msikie Hafidhi, gitaa safari hii amelikaza barabara. Akasema na sauti ameipata. Alikuwa akiurudia mpaka nikachoka."

Hafidhi hakuinua uso.

"Halafu siku moja akauzima. Akaniuliza, mama, mtu akienda kwa mwenzake halafu akaitikiwa, si ameshakaribishwa? Nikamwambia ndivyo. Akaniuliza tena, kwani mimi siku ile nilipokwenda Kiegeani, nilipiga hodi? Nikamwambia, mwanangu, mimi sikuwapo, lakini nimekulea mwenyewe. Utaingiaje nyumba ya watu bila hodi?" Aliurudisha mkono pajani. "Nilidhani ni homa. Nikamwekea kitambaa cha maji. Hakuusikiliza tena."

Ndani ya nyumba mtu aliangusha sufuria, na mwanamke mwingine akamkemea kwa sauti ya chini.

"Mama," Hafidhi alisema, "nilimwambia nimemsamehe, na sikuwa nimemsamehe. Yeye hakuwa na kosa. Naomba radhi. Naomba radhi yako na yake."

Bimkubwa alifikiri sana kabla ya kujibu. Hakuwa mtu wa kusema kwa kuwa ndivyo inavyosemwa. Mtu aliyefiwa na mtoto hana nafasi ya maneno ya kupoteza.

"Langu nimekusamehe," alisema. "Na nimekusamehe kwa moyo, ujue hivyo, si kwa mdomo. Nimekulisha kwa mkono huu, siwezi kukubeba kifuani nikaenda nawe kaburini. Lakini lake sina mamlaka nalo. Angekuwa ameniachia, ningekupa. Hakuniachia kitu. Alikaa kimya tu."

"Basi nifanye nini?"

"Sijui, mwanangu. Uswali. Umwombee." Alijinyanyua kutoka kwenye mbuzi kwa taabu, na Hafidhi alipotaka kumshika mkono alikuwa ameshasimama. "Ijumaa tunamsomea hitima. Uje. Ila usipite huku uani."

Hafidhi hakuelewa.

"Pita mbele," alisema Bimkubwa. "Piga hodi kama watu wengine."

Ijumaa Hafidhi alivaa kanzu nyeupe akaenda Miburani. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, juzuu zimeshagawiwa, wengine wanasoma, wengine wanamtazama. Alipita katikati yao mpaka mlango wa mbele wa nyumba. Mlango huo hakuwahi kuutumia, na hakujua hata kama ulifunguka kwa ndani au kwa nje. Ndani wanawake walikuwa wakiongea.

"Hodi," alisema.

Maongezi yalikatika. Sauti ile ilijulikana kisiwa kizima, na neno lile katika sauti ile lilijulikana zaidi. Alimsikia mtu akinong'ona na mwingine akimnyamazisha. Hafidhi alipiga hodi ya pili, kisha ya tatu, kama alivyoacha ya mwenzake ipigwe.

"Karibu," Bimkubwa aliitikia kutoka ndani.

Hafidhi aliinama akashika ukuta, akavua viatu. Alivipanga vizuri kizingitini, akabaki ameinama vile vile. Aliendelea kungoja, kana kwamba nyumbani mle bado yumo mtu wa pili wa kuitikia.